Nyota za wateja na alama za wataalamu: nani ameona nini

Mashine mbili za kufulia ziko mbele yako kwenye skrini. Ya kwanza ina nyota 4.7 kutoka kwa wateja 800. Ya pili ina nyota 4.2, lakini maabara inayojitegemea imeipa alama za juu kuliko zote ilizopima. Wanunuzi wengi hapo huanza kujiuliza nani anasema kweli, na swali hilo haliwafikishi mbali, maana pande zote mbili zinaweza kusema kweli tupu na bado zisipatane. Swali lenye faida zaidi ni hili: sifa unayoitafuta kwenye bidhaa hii, nani alipata nafasi ya kuiona?

Wanauchumi walilichambua jambo hili zamani, kabla maduka ya mtandaoni hayajazaliwa. Mwaka 1970 Phillip Nelson alizigawa sifa za bidhaa katika makundi mawili: zile ambazo mnunuzi anaweza kuzikagua kabla ya kulipa, na zile anazozijua akishaitumia bidhaa. Mwaka 1973 Michael Darby na Edi Karni wakaongeza kundi la tatu, la sifa ambazo mnunuzi hazijui hata baada ya kutumia. Mgawanyo huo unahusu sifa, na bidhaa moja inaweza kuwa nazo za aina zote. Upana wa mashine ya kufulia unaupima kwa futikamba kabla ya kununua. Kelele zake inapokamua, mlango unaokwama, mpira wa mlango unaoanza kunuka ukungu, hayo utayajua ukishaishi nayo. Ila kama programu ya nyuzi 60 kweli inayafikisha maji nyuzi 60, hutajua hata ukiitumia miaka kumi, mpaka mtu aingize kipimajoto ndani ya pipa.

Kundi hilo la tatu ndilo linalowapoteza watu. Chukua krimu ya kujikinga na jua. Mwezi Juni 2025 CHOICE, shirika la watumiaji la Australia, lilitoa matokeo ya upimaji wa krimu 20 zilizoandikwa SPF 50 au 50+ (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya jua). Kumi na sita hazikufikia kiwango kilichoandikwa kwenye chupa, na moja ilipata 4 tu. Maoni ya wateja kuhusu bidhaa za namna hii huzungumzia harufu, mafuta yanayobaki mikononi, weupe unaoganda usoni, kama inachoma macho au la. Katika hayo mteja ni shahidi mzuri kuliko maabara. Kuhusu kinga yenyewe hana ushahidi: aliyepaka na asiungue hawezi kujua kama kilichomkinga ni krimu, kofia au mawingu.

Ndivyo ilivyo kwa insulesheni ya chaja, kiasi cha vitamini ndani ya kidonge, king'ora cha moshi, kiti cha mtoto cha kwenye gari. Nyota elfu tano za kofia ngumu ya pikipiki zinakuambia kwamba inakaa vizuri kichwani na haipitishi upepo mwingi. Karibu wote walioziandika hawajawahi kuanguka nayo. Kwa sifa za kundi hili usihesabu nyota kabisa. Tafuta cheti cha upimaji na namba ya kiwango, kisha uihakiki namba hiyo kwenye orodha ya shirika lililoitoa, kwa kuwa alama ya cheti iliyochapishwa kwenye boksi mtu yeyote anaweza kuichapisha.

Wanachokiona wateja peke yao

Wateja wana vitu viwili ambavyo maabara haina: muda na wingi. Mtaalamu hupima kifaa kimoja, pengine viwili au vitatu, kwa siku au wiki kadhaa. Hebu tuchukue mfano uliokithiri: nusu ya bidhaa zote zinazotoka kiwandani ni mbovu. Ukichukua tatu bila kuchagua, bado kuna nafasi moja kati ya nane kwamba zote tatu zitakuwa nzima, na ripoti itaandikwa kwa sifa tele. Wanatakwimu wana kanuni rahisi ya kukadiria jambo hili: ukipima vifaa kadhaa na kisiharibike hata kimoja, gawanya 3 kwa idadi ya vifaa hivyo, nawe utapata kiwango cha juu cha ubovu ambacho bado kinawezekana, kwa uhakika wa asilimia 95. Kwa hiyo ili mtu adai kwamba ubovu hauzidi asilimia 5, anapaswa kupima vifaa 60 na vyote vitoke salama. Hakuna mwandishi wa tathmini anayenunua simu 60.

Samsung Galaxy Note 7 ilionyesha hilo wazi. Iliingia sokoni Agosti 2016 ikiwa imesifiwa na wakaguzi wengi, na sifa zile hazikuwa za uongo: skrini, kamera na kalamu vilikuwa vizuri. Wiki mbili baadaye kampuni ilisimamisha mauzo kwa sababu betri zilikuwa zinawaka moto, na Oktoba ikaachana nayo kabisa. Makadirio ya kampuni yenyewe wakati wa kusimamisha mauzo yalikuwa simu 24 zenye tatizo kati ya kila milioni moja. Kasoro ya kiwango hicho haionekani mezani kwa mkaguzi mwenye simu moja. Ilionekana kwa sababu simu takriban milioni 2.5 zilikuwa zimeshasambazwa.

Muda nao una mchezo wake. Duka humtumia mteja ujumbe wa kuomba maoni siku chache baada ya kupokea mzigo, kwa hiyo sehemu kubwa ya nyota tano hutolewa na watu ambao bidhaa bado inanukia upya mikononi mwao. Pampu inayokufa mwezi wa 14, baada ya dhamana ya miezi 12 kwisha, haimo katika wastani huo. Imo katika maoni machache ya watu waliorudi baadaye wakiwa na hasira, na hayo ndiyo yenye thamani.

Kwa nini wastani wa nyota haukwambii unachodhani

Mwaka 2016 Bart de Langhe, Philip Fernbach na Donald Lichtenstein walichapisha utafiti uliolinganisha nyota za wateja wa Amazon na alama za Consumer Reports, shirika la Marekani linalopima bidhaa kwenye maabara, kwa bidhaa 1,272 za aina 120. Walitaka kujua: ukichukua bidhaa mbili za aina moja, je, ile yenye nyota nyingi ndiyo itakayopewa alama za juu na maabara? Ilikuwa hivyo kwa asilimia 57 tu ya jozi. Kurusha sarafu kungekupa 50. Na bado wanunuzi huzitegemea nyota kana kwamba zinapima ubora wenyewe.

Sababu ni kadhaa, na ya kwanza ni nani anayeandika. Aliyefurahi sana huandika, aliyekasirika sana huandika, na aliyeona bidhaa ni ya kawaida anaendelea na shughuli zake. Ukichora mgawanyo wa nyota za bidhaa nyingi utaona nguzo ndefu kwenye tano, nguzo fupi kwenye moja, na bonde katikati. Wastani wa 4.3 kwenye mgawanyo wa namna hiyo haumaanishi kwamba watu wameridhika kwa kiasi. Kwa kawaida humaanisha kwamba wengi wamefurahi na wachache wamepata kitu kibovu kabisa.

Ya pili ni idadi. Nyota 5.0 kutoka kwa watu 9 na 4.7 kutoka kwa watu 800 si vitu vya kulinganishwa hivihivi. Kuna hesabu ndogo inayosaidia: chukulia kila bidhaa imeanza na maoni 20 ya kubuni yenye wastani wa kawaida wa bidhaa za aina hiyo, tuseme 4.2. Ya kwanza inakuwa (9 × 5.0 + 20 × 4.2) ÷ 29, sawa na 4.45. Ya pili inakuwa (800 × 4.7 + 20 × 4.2) ÷ 820, sawa na 4.69. Nafasi zimebadilika. Namba 20 si takatifu. Ukiweka 10 au 30, jibu kwa mfano huu halibadiliki.

Ya tatu ni kuambukizana. Mwaka 2013 Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walichapisha katika jarida la Science jaribio lililofanyika kwenye tovuti ya kujadili habari. Walikuwa wakiyapa baadhi ya maoni mapya kura moja tu ya kuunga mkono, bila kuangalia yamesema nini. Maoni yaliyoanza na kura hiyo moja ya bandia yaliishia na alama za juu zaidi kwa asilimia 25 kwa wastani. Muuzaji anayehangaika kupata nyota tano kumi za mwanzo anajua anachokifanya.

Hapo ndipo udanganyifu unapoingia, nao una sura zaidi ya ile ya kulipa watu waandike uongo. Sura moja ni kuficha: mwezi Januari 2022 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba Fashion Nova ingelipa dola milioni 4.2 kwa madai ya kuchapisha moja kwa moja maoni ya nyota nne na tano huku yale ya chini ya nne yakizuiliwa. Kila neno lililochapishwa lingeweza kuwa limeandikwa na mteja halisi, na bado picha nzima ikawa ya uongo. Sura nyingine ni kuiba nyota za bidhaa nyingine. Mwaka 2023 kampuni ya virutubisho ya Bountiful ilikubali kulipa dola 600,000 baada ya FTC kudai kwamba iliunganisha bidhaa zake mpya na za zamani tofauti kwenye ukurasa mmoja wa Amazon, kana kwamba ni rangi au saizi nyingine tu ya kitu kilekile. Bidhaa mpya ikaamka asubuhi ina maelfu ya nyota ambazo haikuzitolea jasho. Mbinu hii ni rahisi kuinasa: panga maoni kuanzia ya zamani, usome matano ya kwanza. Kama unanunua spika na wao wanasifu kifuniko cha simu, funga ukurasa.

Alama ya “amenunua kweli” husaidia kiasi. Dina Mayzlin, Yaniv Dover na Judith Chevalier, katika utafiti wa 2014, walilinganisha Expedia, ambako anaandika aliyelipia chumba tu, na TripAdvisor, ambako yeyote aliweza kuandika. Hoteli zenye mshindani jirani zilikuwa na maoni mabaya mengi zaidi kwenye tovuti iliyo wazi kuliko kwenye ile yenye mlango. Lakini alama hiyo inathibitisha malipo tu. Muuzaji anayeweka kadi ndani ya boksi akiahidi kurudisha pesa kwa nyota tano anapata wanunuzi halali kabisa, wenye alama hiyo. Sheria zimeanza kukaza: kanuni ya FTC dhidi ya maoni ya kughushi ilianza kutumika Oktoba 2024, na Uingereza iliyapiga marufuku kuanzia Aprili 2025. Kupungua ni jambo moja, kwisha ni jingine.

Mtaalamu naye akaguliwe

Kabla ya kusoma alama za mtaalamu, tafuta bidhaa ameipataje. Consumer Reports ya Marekani, iliyoanza 1936, Which? ya Uingereza, ya 1957, na Stiftung Warentest ya Ujerumani, ya 1964, hununua bidhaa madukani kama mteja mwingine yeyote. Tofauti yake na kutumiwa bidhaa na kiwanda ni kubwa, kwa sababu kiwanda kinaweza kuchagua ile iliyo bora. Tovuti nyingi za tathmini huishi kwa kamisheni: ukibonyeza kiungo na kununua, zinapata asilimia. Hilo halifanyi kila neno lao kuwa uongo, ila ndilo linaloeleza kwa nini orodha za “kumi bora” ni nyingi kuliko makala za “usinunue”. Ripoti isiyosema kifaa kilipimwaje, kwa chombo gani na kwa muda gani, ihesabu kuwa ni maoni ya mtu mmoja mwenye lugha nzuri.

Kisha angalia mizani. Alama ya jumla ni sifa kadhaa zilizozidishwa kwa uzito ambao mtu fulani aliuchagua. Tuseme mashine A ina 90 kwa usafi wa nguo na 50 kwa utulivu, na B ina 80 na 90. Maabara ikiupa usafi asilimia 85 na utulivu 15, A inapata 84 na B 81.5, basi A ndiyo bingwa. Wewe unayelala chumba cha pili na mashine ukazigawa 60 kwa 40, A inashuka hadi 74 na B inapanda hadi 84. Upimaji ni uleule, namba ni zilezile. Ndiyo maana jedwali la alama za kila sifa lina faida kuliko nafasi ya kwanza na ya pili, na ripoti inayolificha jedwali hilo inakunyima nusu ya kazi yake.

Alama za wataalamu pia huzeeka. Gari la Fiat Punto lilipata nyota tano za Euro NCAP, mpango wa Ulaya wa kupima usalama wa magari, mwaka 2005. Lilipopimwa tena Desemba 2017, likiwa bado linauzwa, lilipata sifuri. Gari halikuoza, vigezo vilipanda na lenyewe likabaki palepale. Kinyume chake pia hutokea, bidhaa ikabadilika huku jina likibaki: mwaka 2021 watengenezaji kadhaa wa diski za SSD, zinazohifadhi data ndani ya kompyuta, walibainika kubadilisha chipu za ndani za modeli zilizokwisha kusifiwa, na mpya zikawa na kasi ndogo katika baadhi ya kazi. Linganisha tarehe ya upimaji na namba kamili ya modeli, hadi herufi za mwisho.

Na wataalamu hukosea. Mwanzoni mwa 2007 Consumer Reports ilitangaza kwamba viti vingi vya watoto wachanga ilivyopima vilishindwa katika jaribio la kugongwa ubavuni. Ndani ya wiki mbili ikaifuta ripoti: jaribio lililotakiwa kuiga ajali ya maili 38 kwa saa lilikuwa limefanyika katika hali iliyo sawa na zaidi ya maili 70. Kosa lile liligundulika kwa sababu njia ya upimaji ilikuwa wazi na mamlaka ya usalama barabarani iliweza kuikagua. Maoni ya wateja hayana mlango wa namna hiyo wa kusahihishwa.

Kwenye ladha, utaalamu hupungua nguvu haraka. Robert Hodgson aliwapa waamuzi wa mvinyo wa maonyesho ya jimbo la California mvinyo uleule mara tatu, kutoka chupa moja, bila wao kujua. Katika matokeo aliyochapisha 2008, ni takriban mwamuzi mmoja kati ya kumi aliyebaki ndani ya daraja moja la medali. Kwa marashi, vitafunwa na ugumu wa godoro, mtu mmoja ambaye amesifu vitu vitatu unavyovipenda na kuponda viwili unavyovichukia atakufaa kuliko jopo zima.

Namna ya kuzitumia pamoja

Anza kwa kuandika sifa nne au tano unazozihitaji kweli, na mbele ya kila moja uandike nani anaweza kuiona. Sifa za usalama na zile zinazohitaji chombo ziende kwa maabara. Tumia alama hizo kuchuja: toa zote zilizofeli kwenye sifa ya lazima, baki na tatu au nne. Usihangaike na tofauti ya 84 na 82. Kwa vifaa viwili vitatu vilivyopimwa, pengo dogo hivyo huenda ni bahati tu.

Sasa nenda kwa wateja, lakini nyota ziache. Chagua modeli na saizi yako hasa, panga maoni kuanzia mapya, kisha soma ya nyota tatu kwanza. Wanaotoa tatu ndio huorodhesha mazuri na mabaya kwa pamoja. Baada ya hapo chukua maoni 30 ya nyota moja na mbili, uyagawe mafungu matatu: ya usafirishaji na duka, ya mtu aliyenunua kisichomfaa, na ya bidhaa yenyewe. Mara nyingi fungu la kwanza ni kubwa kuliko unavyotarajia, na ukinunua duka jingine halikuhusu. Ndani ya fungu la tatu hesabu sehemu inayotajwa. Malalamiko kumi kuhusu vitu kumi tofauti ni kelele za kawaida. Sita yanayotaja bawaba ileile, katika mwezi uleule wa matumizi, ni kasoro ya usanifu. Tumia kisanduku cha kutafuta kwa maneno kama “miezi”, “mwaka”, “kuvuja”, “dhamana”.

Usigeuze hesabu hiyo kuwa kiwango cha ubovu, kwa sababu walioandika hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Inafaa kulinganisha tu bidhaa mbili zinazofanana, duka lilelile, kwa kipindi kilekile.

Maabara ikisema vizuri na wateja wakalalamika, soma wanalalamikia nini. Kama ni uimara, waamini wateja. Kama ni kwamba mashine inachukua saa tatu kufua, huenda wote wawili wanaeleza jambo moja: programu za kubana umeme hufua kwa maji ya baridi zaidi na muda mrefu zaidi, na ndizo zinazopandisha alama za matumizi ya umeme. Wateja wakisifu na maabara ikaponda, angalia kama kilichopondwa ni sifa ya kundi la tatu. Hapo usibishane na maabara.

Kwa bidhaa mpya isiyo na maabara wala maoni ya zaidi ya miezi miwili, kinachobaki ni masharti ya kurudisha. Katika Umoja wa Ulaya mnunuzi wa mtandaoni ana siku 14 tangu apokee mzigo, bila kutoa sababu. Kwingine soma masharti ya duka kabla ya kulipa, hasa nani analipia usafiri wa kurudisha. Siku hizo zitumie: washa programu ndefu kuliko zote, jaza mzigo kamili mara moja na nusu mara moja, chunguza chini ya mashine kama kuna unyevu, chaji betri mpaka ijae kisha uimalize yote ukiwa umeshika saa. Boksi na vifungashio vyake vibaki mpaka siku ya mwisho ipite.